Boleti za Msitu wa Paini, Nyamarambe

Vijana wangu mnaonitumia picha za uyoga kwa simu mkiuliza, "Madam, huu unalika?", leo nawajibu wote kwa pamoja. Picha zenu karibu zote zinaonyesha kofia tu, zimepigwa kutoka juu, kama mtu anayetaka nimtambulie nyumba kwa kunionyesha mabati yake. Siwezi. Geuzeni uyoga kwanza, mtazame chini ya kofia, kisha tuzungumze. Na hata tukizungumza, sitamwambia mtu ale kitu ambacho sijakishika kwa mkono wangu. Mkinisoma hadi mwisho mtajua sababu.

Nilifanya kazi katika maabara ya chuo kimoja mjini Kisii tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kupokea uyoga uliookotwa, kuukata, kuukausha na kuuhifadhi katika makasha. Nilitoka upande wa ziwa bila neno hata moja la Ekegusii, lugha ya huko, zaidi ya salamu, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja kati yangu na watu. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lakini elimu yenyewe niliipata kwa Kiswahili, kutoka kwa Mzee Nyambane.

Nyambane alikuwa mtunza makasha, mzaliwa wa Nyamira, mrefu, mwenye mazoea ya kunusa kila kitu kabla ya kukizungumzia. Alinusa uyoga, udongo, hata kalamu mpya. Siku yangu ya kwanza aliweka mezani uyoga wawili wenye kofia za kahawia. Kwangu walikuwa mapacha.

"Wageuze," akasema.

Wa kwanza ulikuwa na vipande vyembamba vilivyosimama kama kurasa za kitabu. Huo nilikuwa nimewahi kuuona. Wa pili haukuwa na kurasa. Ulikuwa na kitu kama sponji ya kuoshea vyombo, ya manjano, yenye vitundu vidogo vidogo.

"Huo wa sponji ni boleti," akasema. "Kila kitundu unachokiona ni mdomo wa mrija. Mbegu zake, laini kuliko unga, zinadondoka kupitia humo. Bonyeza."

Nikabonyeza kwa ukucha. Pale nilipogusa pakaanza kugeuka buluu mbele ya macho yangu, buluu ya wino. Nikautupa mezani na kupangusa kidole kwenye aproni. Nyambane akacheka mpaka akavua miwani.

"Ukikata ndizi mbichi ukaiacha, inafanyaje?"

"Inakuwa nyeusi."

"Ndizi imekuwa sumu?"

Nikatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ndani ya nyama ya boleti nyingine kuna maji ambayo yakikutana na hewa hubadilika rangi. Watu wengi husema uyoga ukigeuka buluu unaua. Si kweli, na kinyume chake si kweli pia. Wapo wanaogeuka buluu na watu hula baada ya kuwapika sana, wapo wanaogeuka buluu na kukulaza hospitali, na wapo wasiobadilika rangi kabisa na bado watakutapisha. Rangi inasaidia kujua ni boleti ipi uliyonayo. Haikuambii uweke sufuria motoni.

Hapo ndipo udadisi uliponishika, na haujaniachilia mpaka leo. Nilijifunza kuangalia ngozi ya kofia kama inateleza kwa ute au ni kavu kama ngozi ya swala. Nilijifunza kutazama mguu kama una pete, kama una vidoadoa, au kama umechorwa wavu mwembamba. Nilijifunza kuuliza sponji inabanduka kirahisi kutoka kwenye nyama ya kofia, au imeng'ang'ania. Na kila mara Nyambane aliuliza swali moja ambalo nililiona la kuchosha: "Ulikuwa chini ya mti gani?"

Sikuelewa kwa nini mti una maana kubwa hivyo, mpaka aliponisimulia habari ya kitalu kimoja kule kwao Nyamira. Watu walipanda mbegu za paini, zikaota vizuri, kisha miche ikadumaa na kuwa ya manjano. Wakaongeza mbolea, wakaongeza maji, wapi. Fundi mmoja akaleta magunia ya udongo kutoka chini ya paini kuukuu na kuuchanganya. Miche ikaamka. Ndani ya udongo ule mlikuwa na nyuzi za uyoga. Nyuzi hizo huzivika ncha za mizizi kama soksi, huupa mti maji na chumvi za udongo, na mti huzilipa kwa sukari yake. Uyoga mnaouokota ni tunda tu. Mwenyewe yuko chini, ameukumbatia mti.

Makosa nayo yalikuwapo, msidhani. Safari moja nilipata boleti nzuri ajabu karibu na Masimba, kubwa kama sahani, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga vizuri ili zisipate vumbi. Gari la chuo likaharibika, tukangoja fundi mpaka jua likapoteza ukali. Nilipofungua mfuko maabara, mlikuwa na mchuzi, na ndani ya mchuzi funza wakiogelea. Nyambane alikwenda kufungua dirisha. Tangu hapo nabeba kikapu na karatasi za kaki, kila uyoga na karatasi yake, na nikifika naupasua katikati siku hiyo hiyo na kuukausha juu ya waya kwa moto mdogo. Harufu yake ni kali. Mhasibu wa ofisi ya jirani aliwahi kuja kuniuliza kwa upole kama ni lazima sisi watu wa ziwa tukaangie omena, dagaa wetu, kazini.

Sasa niwaeleze habari ya Nyamarambe.

Ilikuwa majira ya mvua, siku ya Jumatatu. Afisa wa afya aitwaye Onchiri aliingia maabara amebeba sufuria iliyofunikwa kwa sahani. Alisema kuna familia kule Nyamarambe waliokula mchuzi wa uyoga jana yake baada ya ibada. Chakula hakijakaa tumboni, wote wakaanza kutapika na kutoka jasho. Wengine walipata nafuu, ila mama wa boma lile, Bibi Kwamboka, alikuwa amelazwa Kisii. Aliyepika ni mkaza mwanawe, Kemunto, aliyeolewa pale mwaka uliotangulia. Uyoga ule wa msitu wa paini hakuna aliyewahi kuula katika boma hilo. Ni yeye aliyekuja na mazoea hayo kutoka kwao, upande wa Nyamira.

"Watu wanasema alitaka kummaliza mama mkwe," Onchiri akasema. "Babake ameitwa aje kumchukua. Mimi sitaki kusema kitu nisichokijua. Niambieni kuna nini humu."

Nyambane akanusa. Kisha tukachukua tone dogo la mchuzi na kuliweka chini ya hadubini. Mbegu za boleti huwa ndefu na laini, kama punje za mchele. Zilikuwapo tele. Lakini katikati yake niliona nyingine, za mviringo, zenye miiba pande zote, kama matunda ya mbarika. Nikamwita Nyambane. Akatazama kwa muda mrefu.

"Humu mna uyoga wa aina mbili," akasema.

Onchiri akashusha pumzi. "Yeye anaapa aliokota aina moja tu. Kwa hiyo kuna kitu ameongeza."

Nilijisikia vibaya. Tulikuwa tumetazama kwa uangalifu, tumesema kweli, na kweli yetu ilikuwa imemsogeza msichana wa watu karibu zaidi na lango. Nyambane akachukua kofia yake. "Uyoga uko msituni, si kwenye sufuria," akasema. "Twende."

Tulipofika, begi la Kemunto lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba. Mumewe, Ombati, alikuwa amekaa kwenye kiti uani, mikono kati ya magoti. Nyambane alimsalimu kwa Ekegusii na kukaa naye. Mimi nilimkuta Kemunto nyuma ya jikoni, macho yamevimba, nikamwomba anipeleke alikookota. Alinijibu kwa Kiswahili cha shule, taratibu.

"Madam, na wewe umekuja kuniuliza kama nimeua mtu?"

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Bibi anakunywa uji. Nimekuja kuona uyoga."

Msitu ulikuwa mdogo, juu ya kilima, sindano za paini zimetanda chini kama mkeka. Kemunto aliinama bila kutafuta sana na kung'oa mmoja. Kofia ya kahawia iliyoteleza kwa ute, sponji ya manjano chini yake, mguu wenye vidoadoa upande wa juu. Nikaubonyeza, haukugeuka buluu. Ilikuwa boleti ya paini, ile ile tuliyokuwa nayo kwenye makasha.

"Unaupikaje?"

Akatoa kisu kidogo na kuanza kubandua ngozi ya ute kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ikatoka yote kwa mara moja. "Hii lazima utoe. Usipotoa, tumbo litakuendesha. Shangazi yangu alinifunza hivyo. Na hii sponji ikizeeka unatoa pia. Halafu unachemsha, unamwaga maji, ndiyo unakaanga."

Alikuwa anajua kazi yake. Hatua chache kutoka pale niliona kitu kingine kimejitokeza kwenye udongo, cha mviringo, rangi ya manjano chafu, ngozi imepasukapasuka kama kisigino cha mtu anayelima pekupeku. Kilifanana na kiazi.

"Na hii?"

"Hiyo?" Alishangaa kwamba nauliza. "Hiyo watoto wanapiga teke, inatoa moshi. Hatuli hiyo."

Nikaipasua. Ndani ilikuwa nyeusi yenye zambarau, imekaza. Mbegu za namna hii ndizo zenye miiba; nikaokota nyingine nzima, nikaifunga kwa karatasi, tukarudi.

Bomani nikamwuliza Ombati maganda ya jikoni hutupwa wapi. Akanionyesha chini ya migomba, nasi sote tukaenda. Ngozi za ute zilikuwapo, nyembamba, zimekauka kama makaratasi ya peremende. Pembeni yake palikuwa na maganda mengine, mazito, yamemenywa kama mtu anavyomenya viazi, upande mmoja manjano na upande wa pili una weusi.

Kemunto alichuchumaa kuyatazama. "Hizi si mimi," akasema.

"Ni nani basi?" Ombati akauliza. "Nani mwingine alikuwa jikoni?"

Kemunto alifungua kinywa, kisha akakifunga. Nilimwona anajua.

"Mimi nilienda mtoni kuleta maji," akasema. "Niliporudi sufuria ilikuwa inachemka."

Ombati alimtazama mkewe, halafu akatazama njia ya kwenda barabarani, na nadhani hapo na yeye aliona alichokuwa hataki kukiona. Mke wa mwaka mmoja hawezi kumtaja mama mkwe aliyelala hospitalini. Hata kama kunyamaza kunamgharimu ndoa yake.

Tulikwenda hospitali pamoja na Ombati. Bibi Kwamboka alikuwa ameketi kitandani, kitambaa kichwani, anamlalamikia muuguzi kwamba uji hauna sukari. Nyambane alimsalimu kama mtu wa nyumbani. Waliongea kwa Ekegusii habari ya mvua, ya majani chai, ya magoti yake, mpaka nikadhani amesahau tulichokuja kufanya. Kisha akafungua ile karatasi na kuweka kile kiazi chetu juu ya kabati la kando ya kitanda. Mazungumzo yaliyofuata alinitafsiria baadaye neno kwa neno.

"Omong'ina," akasema, akimwita kwa heshima kama mama mzee, "unamjua huyu?"

Bibi Kwamboka alitazama. "Huyo si mtoto wa ule uyoga wa Kemunto? Bado hajafungua mwavuli. Niliona sufuria yake ina kidogo na wageni wa kanisa wanakuja, nikatia mguu kule msituni nikaongeza. Hao wadogo wana nyama nzuri, ngumu."

Ombati aligeukia dirisha. Mama yake akatutazama mmoja mmoja.

"Kuna nini?"

Nyambane akamweleza kwamba kile ndicho kilichowatapisha wote, na kwamba Kemunto ndiye anayelaumiwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nani alisema ni Kemunto?"

Ombati akageuka kutoka dirishani.

"Mbona hukusema mapema, Mama?" akauliza.

"Hakuna aliyeniuliza. Mlinileta hapa, mkaenda kuuliza majirani." Akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda kwa vidole vya miguu. Muuguzi akamkataza, akasema daktari bado hajamwona. Basi akalala tena na kumwelekeza mwanawe kidole. "Nenda umwambie afungue lile begi. Usimwambie kwamba mtu wa maabara amesema. Mwambie ni mimi nimesema."

Ombati aliondoka mbio. Tulisikia baadaye kwamba alikutana na babake Kemunto langoni, na kwamba mzee yule aliondoka na jogoo wa kuombwa radhi, bila bintiye.

Kabla hatujaaga, Nyambane aliomba kisu kwa muuguzi, akamwonyesha Bibi Kwamboka jambo ambalo nawaomba mlishike. Boleti changa kweli, ukiipasua kutoka juu hadi chini, utaona kofia ndogo na mguu mdogo tayari vimechorwa ndani, kama kifaranga ndani ya yai. Kile cha mviringo hakina kofia wala mguu ndani yake. Kimejaa weusi mtupu. Bibi alishika nusu moja kila mkono, akazitazama karibu na macho.

"Lakini ni jamaa," akasema. "Wako chini ya mti mmoja."

"Si jamaa, Omong'ina," Nyambane akamjibu. "Ni majirani tu."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo vitabu vyetu vilivyosema. Maabara tulikuwa na kabati la uyoga wenye kurasa, kabati la wenye sponji, na kabati la vile vya mviringo, mbali kabisa, karibu na mlango. Tulipanga kwa macho.

Miaka ikapita, Nyambane akastaafu, akaja Daktari Moraa, binti mchangamfu aliyekuwa na haraka ya kila kitu isipokuwa kazi. Alikata vipande vidogo kama ukucha wa mtoto kutoka kwenye makasha yetu na kuvipeleka kusomwa jeni. Majibu yalipokuja aliniita kwenye kompyuta yake. Alinionyesha mchoro wenye matawi. Tawi moja kubwa lilikuwa la boleti. Ndani ya tawi hilo walikuwapo uyoga kadhaa wenye kurasa, ambao miaka yote nilikuwa nimewafungia kabati jingine. Na kwenye kijitawi cha pembeni, lakini ndani ya tawi lile lile, kilikuwapo kile cha mviringo.

"Una hakika?" nikamwuliza.

"Nilirudia, Madam. Mimi pia sikuamini."

Tulihamisha makasha wiki hiyo. Nilikuwa nimeyapanga makasha hayo maisha yangu yote, na nilidhani nitaumia. Kumbe nilikuwa natamani kila kasha lifunguliwe upya nilitazame kama mgeni. Nilimpelekea Nyambane habari nyumbani kwake. Alinusa ile karatasi ya mchoro, mazoea hayaachi, akaisoma, akaipindua kana kwamba nyuma yake kutakuwa na kingine.

"Basi nilimdanganya yule mama," akasema. "Ukipita Nyamarambe, umwambie."

Nilipita. Bibi Kwamboka sasa ni mkongwe, hatembei mbali. Kemunto ndiye mwenye boma, na watoto wake wamekuwa wakubwa. Boleti za paini bado anapika, ila hamruhusu mtu mwingine yeyote kusogea jikoni siku hiyo. Nilikaa nao uani, nikaeleza habari ya jeni kadiri nilivyoweza, na Kemunto akamtafsiria mama mkwe wake sikioni kwa sauti kubwa.

Bibi alitabasamu bila meno. "Kwa hiyo niliona sawa. Ni wa nyumba moja."

"Uliona sawa, Bibi. Kosa lilikuwa kuwapika."

Akasugua magoti. Kisha akasema kitu kirefu, na Kemunto akaanza kucheka kabla hajanitafsiria.

"Anauliza, Madam: kama wamezaliwa nyumba moja, na wote wanalishwa na mti mmoja, kwa nini mmoja anashibisha watu na mwingine anawatapisha? Mti umewakosea nini?"

Nilifungua kinywa nimjibu. Nina majina mengi ya vitu vilivyomo ndani ya uyoga, nayajua kuyaandika na kuyatamka. Lakini nilipoyapanga kichwani niliona yanasema tu kinachotapisha ni kipi. Hayasemi kwa nini huyu anacho na ndugu yake hana, wala kinamfaa nini.

"Mwambie sijui," nikamwambia Kemunto.

Akamwambia. Bibi Kwamboka aliitikia kwa kichwa, hakuonekana kusikitika hata kidogo. Alisema mtu yeyote atakayejua aje amweleze, asichelewe sana, na kwamba akifika aite kwa nguvu langoni kwa sababu yeye hasikii vizuri.